Neno "kupima" linatupoteza

Kila nikifundisha fizikia ya kwanta, yaani ya atomu na chembe ndogo, swali hili halikosi: "Mwalimu, kabla hatujaipima, atomu ilikuwa imeelekea wapi hasa?" Zamani nilikimbilia ubaoni kulijibu kwa hesabu. Siku hizi naanza na kitenzi chenyewe, "kupima".

Mvuvi akishusha kamba yenye chubwi na kuhesabu pima tano, kina kilikuwepo kabla hajafika. Bahari haikumngoja. Kwa hiyo anayesema "nimepima" ameshakubali, bila kutamka, kwamba kulikuwa na kitu cha kusomwa. Mwanafalsafa P. F. Strawson alilichambua jambo la aina hii mwaka 1950. Ukisema "mfalme wa Ufaransa ana upara", nami najua Ufaransa haina mfalme, sitasema umesema kweli wala uongo. Swali lenyewe limekosa pa kusimama.

Sasa turudi kwa atomu. Wanafizikia Stern na Gerlach, mjini Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1922, walipitisha atomu za fedha katika sumaku, na mkondo ukagawanyika sehemu mbili: juu na chini. Chukua zile za juu uzipitishe tena katika sumaku iliyosimama vilevile, zote zitakwenda juu. Hapo utasema tumesoma sifa yao. Lakini zipitishe kwanza katika sumaku iliyolazwa, nusu zitakwenda kulia na nusu kushoto. Kisha zirudishe hizo za kulia kwenye sumaku iliyosimama. Nusu yake zitakwenda chini, ilhali zote zilikuwa "za juu"!

Wengi hujibu kwamba tumezivuruga. Jibu hilo bado linadhani kila atomu ilibeba majibu yake yote, nasi tukayachafua. Mwaka 1967 wanahisabati Kochen na Specker walionyesha, kwa mielekeo 117 ya kuipima chembe yenye spini ya 1 (spini ni sifa inayoifanya chembe iwe kama sumaku ndogo), kwamba huwezi kuyapanga majibu yote mapema bila kujali ni maswali gani mengine yanaulizwa pamoja nayo.

Mwanafizikia John Bell alilalamikia neno hili "kupima" waziwazi mwaka 1990, mwaka aliofariki. Alipendelea tuseme "jaribio". Naye hakuwa mtu wa kudai kwamba hakuna kitu hadi tutazame: aliithamini nadharia ya mwanafizikia Bohm ya 1952, ambamo chembe ina mahali pake daima, ila jibu la spini hutegemea pia jinsi chombo kilivyowekwa.

Mimi hupenda kulinganisha na fundisho la mwanafalsafa J. L. Austin, aliyesema kwamba maneno mengine hayaelezi tendo, bali ndiyo tendo. Bwana harusi akisema "nimekubali", umbo la kitenzi ni la taarifa, la jambo lililokwisha. Kumbe ndoa inafungwa kwa neno hilohilo. Naona matokeo ya sumaku yanafanana na "nimekubali" kuliko na pima za mvuvi.

Mfano huu una mpaka. Bwana harusi anachagua. Sisi hatulichagui jibu la atomu, tuna uwezekano wa kila jibu tu, unaokokotolewa kwa kanuni ya mwanafizikia Born ya 1926. Tena ndoa ina mashahidi na saa yake inajulikana. Kwa atomu, jambo linatimia wapi: kwenye sumaku, kwenye kioo inapogonga, au machoni pa anayesoma? Fizikia ya vitabuni haichori mstari huo, na hilo ndilo lililomuudhi Bell kuliko neno lenyewe.