Roboti ya chini ya maji darasani: maana yake na inachofundisha

Roboti ya chini ya maji ni chombo kisichobeba mtu, kinachozama na kuendeshwa na mtu aliye nchi kavu au melini kupitia waya mrefu. Wenye kazi yao huiita ROV. Kampuni za mafuta huitumia kukagua mitambo na mabomba yaliyo baharini. Jeshi la majini la Marekani lilitangulia: mwaka 1966 chombo chake kilichoitwa CURV kilitumika kuopoa bomu la haidrojeni lililozama karibu na Palomares, Hispania, baada ya ndege mbili kugongana angani.

Ya shuleni ni ndogo na ya bei nafuu. Kiunzi chake ni mabomba ya PVC yale yale ya fundi bomba, kikiwa na mota tatu ndogo zenye propela, maboya machache, waya, na kisanduku cha swichi mkononi mwa anayeendesha. Betri ya volti 12 hubaki juu, pakavu. Mota mbili husukuma mbele na nyuma, na ukiiwasha moja mbele na nyingine nyuma, chombo kinageuka. Ya tatu hupandisha na kushusha.

Kufundisha uhandisi kwa njia hii, basi, ni kumwachia mwanafunzi kazi nzima: apime, akate, atoboe, aunganishe nyaya kwa solda, yaani madini ya risasi yaliyoyeyushwa, azamishe, aone kilichoharibika, arudi mezani. Mpango unaojulikana sana ni SeaPerch, ulioanzishwa na MIT Sea Grant, kitengo cha mambo ya bahari cha chuo kikuu cha MIT huko Marekani, mwaka 2003 kwa fedha za ofisi ya utafiti ya jeshi la majini. Jeshi nalo lilikuwa na shida yake: lilihitaji vijana watakaokuja kuunda meli.

Kwa nini majini, wakati roboti ya magurudumu ni rahisi zaidi? Kwa sababu meza inasamehe. Roboti ya magurudumu iliyoundwa vibaya itasimama tu pale ilipo, na fundi wake atapata muda wa kujitetea. Majini kosa linajionyesha papo hapo: chombo kinapinduka, kinaibuka au kinazama moja kwa moja.

Tuchukue kuelea. Aliyesoma fizikia ya kidato cha kwanza Tanzania ameikariri kanuni ya Archimedes: maji hukisukuma kitu juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji kilichoyahamisha. Darasani hiyo ni alama mbili za mtihani. Kwenye roboti ni kazi ya mchana mzima, maana chombo kinatakiwa kitulie katikati ya maji, kisipande wala kushuka mota zikiwa zimezimwa. Unakata kipande cha boya, unajaribu, unakata tena. Maboya yakae juu na uzito chini. Ukivigeuza, roboti itajipindua yenyewe. Mabomba nayo lazima yatobolewe ili maji yaingie haraka. Usipoyatoboa, hewa iliyonaswa ndani itavuja kidogo kidogo, na usawa wote ulioutafuta utapotea.

Halafu kuna chumvi. Roboti inayohamisha lita 4 za maji, ikisawazishwa kwenye pipa la maji ya bomba, hubebwa na nguvu inayotosha kilo 4. Maji ya bahari ni mazito kwa takriban asilimia 2.5, kwa hiyo huko inahitaji gramu 100 za ziada, la sivyo itabaki juu juu. Mwalimu wa Tanga au Mombasa anaweza kuwaachia wanafunzi wake wagundue hilo wenyewe ufukweni.

Waya ndio somo ninalolipenda zaidi. Mawimbi ya redio hayafiki mbali majini, hasa kwenye maji ya chumvi, hivyo rimoti ya droni haitasaidia kitu. SeaPerch hutumia kebo ya kawaida ya mtandao wa kompyuta, yenye nyaya nane: sita kwa mota tatu, mbili zinabaki kwa kamera. Lakini nyaya hizo ni nyembamba. Kebo ya mita 15, umeme ukienda na kurudi, ni mita 30 za shaba, ukinzani wa kama omu 2.5. Mota ikivuta ampea 2, volti 5 zinapotelea njiani na mota inapata 7 tu. Weka waya mnene? Utakuwa mzito na mgumu, utaivuta roboti nyuma kila inapogeuka. Hakuna jibu moja sahihi hapo, kuna kuchagua hasara unayoweza kuibeba, na huo ndio uhandisi wenyewe.

Kuziba maji kunadai ubunifu wa namna nyingine. Mota hufungwa utepe, ikatumbukizwa kwenye kikopo kidogo na kuzungushiwa nta iliyoyeyushwa, kwa kawaida ile nta laini ambayo mafundi wa Marekani hutumia kuzibia chini ya choo. Mwaka 2004, kwenye mashindano ya roboti za chini ya maji yaitwayo MATE, huko Santa Barbara, California, roboti ya wanafunzi wa sekondari ya Carl Hayden, Phoenix, ilivuja. Wakaweka tamponi, zile pamba za hedhi, kwenye sanduku la vifaa vya umeme zinyonye maji. Ikafanya kazi, na wakaishinda hata timu ya chuo kikuu cha MIT.

Mashindano hayo yana desturi moja nzuri: timu hujipanga kama kampuni, huandika ripoti ya kiufundi na kuhojiwa na majaji kuhusu kila uamuzi. Kwa hiyo kununua seti iliyokamilika na kufuata picha za maelekezo hakumsaidii mtu. Ukiulizwa kwa nini mota iko hapo, utajibu nini?

Shule isiyo na bwawa inaweza kuanza na pipa la lita 200. Linatosha kusawazisha chombo na kupima uvujaji, ingawa halitoshi kujifunza kukiendesha. Umeme uwe wa betri tu, fyuzi ikae karibu na betri, na chaja ya kuchomeka ukutani isitumike kabisa wakati roboti iko majini.