Kurithi, kuwa katika ukoo, na ile asilimia

Kurithi, katika elimu ya viumbe, ni kupokea jeni, yaani maagizo ya mwili yaliyomo ndani ya seli, kutoka kwa baba na mama, karibu nusu kwa nusu. Maana yake inaishia hapo. Tatizo ni mambo mengine mawili yanayopachikwa neno hilohilo: jambo linaloonekana kizazi hadi kizazi katika ukoo, na ile asilimia inayotajwa kwamba "akili hurithiwa kwa asilimia 50".

Neno lenyewe linachangia. Tumelipata kutoka Kiarabu pamoja na ndugu zake mirathi na warithi, na kwao ni kwenye mali: nyumba, shamba, minazi. Ndiyo maana ukisikia "amerithi umaskini wa babake" hujui kama msemaji anamaanisha hakuachiwa shamba au amezaliwa na kasoro. Kwa maana ya mali, kauli hiyo inaweza kuwa kweli tupu. Kwa maana ya jeni ni dai zito, na mtu hawezi kulithibitisha kwa kusema mtoto wa nyoka ni nyoka.

Yujeniki, mpango wa kuboresha uzazi wa watu, ilisimama juu ya mkanganyiko huo. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton alilitunga neno hilo mwaka 1883 kutoka Kigiriki, kwa maana ya "kuzaliwa vyema". Neno jeni lilikuja 1909, yaani mpango huo ulitangulia hata jina la kitu kinachorithiwa. Mwaka 1910 ikafunguliwa ofisi Cold Spring Harbor, New York, ya kukusanya nasaba: nani fukara, nani mlevi, nani mgonjwa wa akili. Mkuu wake, Charles Davenport, mwaka 1916 alitoa hoja kwamba hata ugonjwa wa pelagra una chanzo cha urithi.

Pelagra hubabua ngozi iliyopigwa na jua, huharisha, huvuruga akili, na huua. Kusini mwa Marekani ilikuwa imejaa kwa maskini, na nyumba moja ilikuwa na wagonjwa kadhaa. Ukiichora kwenye nasaba inafanana kabisa na urithi. Lakini watu wa nyumba moja hula chungu kimoja. Daktari wa serikali Joseph Goldberger alikuwa ameshaongeza maziwa, mayai, nyama na maharage katika vituo vya yatima Jackson, Mississippi, na ugonjwa ukatoweka karibu wote. Kisha mwaka 1915 akawapa wafungwa 11 waliojitolea chakula cha mahindi, unga mweupe, mchele na viazi vitamu, sita wakaugua. Kinachokosekana ni niasini, aina ya vitamini B, ambayo katika mahindi imefungwa, mwili hauipati vizuri. Wameksiko huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa, nayo hufunguka. Ugali wenye maharage au samaki hauna hatari hiyo. Ugali mtupu miezi mfululizo unayo.

Sasa ile asilimia. Hiki ni kipimo cha wafugaji. Kiwango cha urithi wa maziwa kwa ng'ombe ni karibu 0.3, yaani asilimia 30: ukichagua wazazi ambao ubora wao umezidi wastani wa kundi kwa lita 5 kwa siku, tarajia ndama wao wazidi kwa lita 1.5 hivi. Kinapima tofauti ndani ya kundi, katika malisho yale. Hakisemi lolote juu ya ng'ombe mmoja. Kuwa na vidole kumi ni kazi ya jeni, lakini tofauti za idadi ya vidole kati ya watu wazima hutokana zaidi na ajali, hivyo kiwango chake kinakaribia sifuri. Urefu unakaribia asilimia 80, na bado Waholanzi wameongezeka kama sentimita 20 tangu katikati ya karne ya 19.

Kwa hiyo, jambo likionekana kwa babu, baba na mtoto, inatosha kusema "limo katika ukoo ule", kisha kuuliza wanashiriki nini kingine: kisima, chakula, kazi, deni. Na ukitaja asilimia, taja pia ni ya watu gani, wanaoishi katika hali gani.