Castilla ya Real Madrid: matango pori tunayolishwa vijiweni na ukweli wenyewe

Juzi tumekaa kijiweni tunasubiri mechi ianze, jamaa mmoja akaropoka kwamba dogo fulani wa Madrid "katoka Castilla, ile akademi yao ya watoto", na watu wote wakaitikia kwa vichwa kama wako darasani. Mimi nikanyamaza, maana najijua nikianza kuongelea Castilla simalizi mpaka mechi inaisha. Sasa hapa hakuna mechi ya kuharibu, acha nimalize.

"Castilla ni akademi, timu ya watoto"

Hapana ndugu yangu. Castilla ni timu ya pili ya klabu na inacheza ligi ya kawaida kabisa ya Hispania, inakutana na mabeki wa miaka 33 wenye watoto na madeni ambao wanatafuta pointi wasishuke daraja, unadhani watamwonea huruma dogo wa miaka 19 kisa kavaa jezi nyeupe? Kwa sasa wako daraja la tatu, linaitwa Primera Federación, na jina lenyewe linachanganya watu maana "primera" ni "ya kwanza". Chini ya Castilla kuna Real Madrid C, halafu kuna vijana wa Juvenil A. Hao Juvenil A ndo wanaocheza ile UEFA Youth League, ligi ya mabingwa ya vijana wa Ulaya, na ndo walioibeba 2020 kwa kuwafunga Benfica 3-2. Najua kwa nini watu wanasema ilikuwa Castilla, kocha wa Castilla wakati huo alikuwa Raúl, mshambuliaji wa zamani wa Madrid, na klabu ikampa vijana wale kwenye hatua ya mwisho ya mashindano, sura ya kocha ikawachanganya watu.

Tatizo lingine sisi tumezoea sana Uingereza. Kule timu za pili zinacheza zenyewe kwa zenyewe kwenye ligi ya vijana, basi mtu anachukua picha hiyo anaibandika Hispania.

"Real Madrid ndio walioianzisha"

Hii hata mashabiki wa Madrid wanakosea. Mizizi yake ni timu ya wafanyakazi wa kampuni ya bima, Plus Ultra, iliyoanza 1930 kama Agrupación Deportiva Plus Ultra. Yaani watu wa bima tu wanapiga mpira wao. Baadaye miaka ya arobaini wakaingia makubaliano na Real Madrid, wakawa timu ya kulea wachezaji wao, na mwaka 1972 Plus Ultra ikafa ikazaliwa Castilla CF. Kisheria Castilla ilikuwa klabu yake yenyewe kwa muda mrefu, ndo mwanzoni mwa miaka ya tisini kanuni zikabadilika, timu za namna hiyo zikaingizwa moja kwa moja ndani ya klabu mama na jina likawa Real Madrid B. Jina la Castilla lilirudi katikati ya miaka ya 2000. Kwa hiyo ukimsikia mzee wa Madrid anasema "Real Madrid B" hajakosea, anaongelea kipindi chake.

"Timu B haijawahi kufanya kitu cha maana"

Hapa ndo huwa napandisha sauti. Msimu wa 1979-80 Castilla wako daraja la pili, wanacheza Copa del Rey, yaani Kombe la Mfalme la Hispania, kama timu nyingine yoyote maana wakati ule iliruhusiwa. Wakawatoa Hércules. Wakawatoa Athletic Bilbao. Wakawatoa Real Sociedad, na hao Sociedad msimu ule walimaliza wa pili La Liga na misimu miwili iliyofuata wakabeba ubingwa, sio watu wa mchezo. Nusu fainali wakapigwa 2-0 na Sporting Gijón ugenini, kila mtu akajua safari imeisha, marudiano pale Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, wakashinda 4-1. Timu zote hizo nne zilikuwa La Liga.

Fainali wakutane na nani? Real Madrid wenyewe! Tarehe 4 Juni 1980, Bernabéu, baba na mwana uwanja mmoja. Wakubwa wakashinda 6-1, Juanito akafunga, Santillana akafunga, Vicente del Bosque huyu huyu aliyekuja kubeba Kombe la Dunia kama kocha naye akafunga. Kuna wanaosema mechi ilipangwa. Mimi sioni ilikuwa na haja gani ya kupangwa, mabingwa wa Hispania dhidi ya madogo wa daraja la pili, sita moja ni matokeo ya kawaida kabisa.

Na hadithi haikuishia hapo, sehemu hii ndo wengi hawaijui. Madrid walikuwa wamebeba ligi pia, wakaenda Kombe la Mabingwa, kwa hiyo nafasi ya Kombe la Washindi Ulaya, mashindano ya waliobeba vikombe vya nchi zao, ikaangukia kwa Castilla waliofika fainali. Timu B inacheza Ulaya! Wakapangwa na West Ham, ambao nao walikuwa daraja la pili kwao ila wamebeba FA Cup. Mechi ya kwanza Bernabéu Castilla wakashinda 3-1, lakini mashabiki wa West Ham wakafanya fujo jukwaani, UEFA wakaamua marudiano London yachezwe bila watazamaji. Idadi iliyoandikwa siku ile Upton Park, uwanja wa West Ham, ni watu 262. Dakika 90 zikaisha 3-1 kwa West Ham, yaani ngoma droo kabisa, wakaingia muda wa nyongeza wakapigwa mbili nyingine, 5-1. David Cross peke yake kafunga tatu. Hebu fikiria unachezea Ulaya mechi kubwa kuliko zote za maisha yako halafu unasikia mwangwi wa kocha wako anavyogomba.

Sasa hivi haiwezi kutokea tena, timu za pili zilipigwa marufuku Copa del Rey tangu msimu wa 1990-91.

"Wakishika nafasi ya kwanza wanapanda La Liga"

Walishashika, na hawakupanda. Msimu wa 1983-84 Castilla ya kocha Amancio ilibeba ubingwa wa daraja la pili, na mpaka leo hakuna timu B nyingine iliyofanya hivyo. Ndani yake kuna Butragueño, Míchel, Sanchís, Martín Vázquez na Pardeza, ile kundi iliyokuja kuitwa Quinta del Buitre, "buitre" ni tai mla mizoga, jina la utani la Butragueño (mtu mwenyewe mpole sana, sijui nani aliona tai pale). Wa pili wakamaliza Bilbao Athletic, nao timu B ya Athletic. Basi wote wawili wakabaki pale pale, wakapanda waliowafuata. Kanuni ni kwamba timu ya pili lazima iwe angalau daraja moja chini ya mama yake.

Ila wachezaji wenyewe walipanda mmoja mmoja. Butragueño aliitwa timu kubwa Februari 1984 ugenini Cádiz, Madrid wako nyuma 2-0, akaingia kipindi cha pili akafunga mawili na wakashinda 3-2. Kuanzia 1986 Madrid wakabeba ligi mara tano mfululizo wakiwa na uti wa mgongo wa madogo hao.

Na kanuni hiyo inakata pande zote mbili. Waulize Villarreal B. Mwaka 2012 walimaliza katikati ya msimamo wa daraja la pili, hawana wasiwasi wowote, ila wakubwa wao wakashuka kutoka La Liga, na wao wakasukumwa chini daraja la tatu bila kosa lolote.

"Raúl ni zao la Castilla"

Robo ukweli tu. Raúl alianzia vijana wa Atlético, majirani na maadui, rais wao Jesús Gil akafunga akademi 1992 kupunguza gharama na dogo akavuka mji. Kwa Madrid alikuwa anafunga na timu C, timu B aliipitia kama mtu anapita kituo cha daladala, na Oktoba 1994 kocha Valdano akamwanzisha timu kubwa kule Zaragoza akiwa na miaka 17. Castilla aliijua vizuri zaidi akiwa kocha, kuanzia 2019 mpaka 2025, na kuipandisha daraja kukamshinda.

"Ukishushwa Castilla umeadhibiwa"

Vinícius kanunuliwa euro milioni 45, 2018 akaanza kwa kucheza Castilla, mechi tano mabao manne, na kwenye dabi ya timu B na Atlético beki akamng'ata kichwani. Valverde kapita, Casemiro kapita, Ødegaard kapita. Hata Zidane alifundisha pale kuanzia 2014, msimu wake kamili wa kwanza akamaliza wa sita, Januari 2016 akapewa timu kubwa na akabeba Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo. Huyo wa nafasi ya sita ndo huyo huyo.

"Anayeuzwa kutoka Castilla kafeli"

Beki Carvajal aliuzwa Leverkusen ya Ujerumani 2012, mwaka mmoja baadaye wakamrudisha kwa bei kubwa zaidi. Mata aliondoka bure kwenda Valencia 2007, akaja kubeba Kombe la Dunia. Hakimi, mtoto wa Madrid kabisa kwa kuzaliwa, alicheza Castilla 2016-17 na leo ni nahodha wa Morocco. Na Eto'o wetu, hata kucheza timu B hakupata nafasi, ilikuwa imeshuka daraja la tatu 1997 na kule wachezaji wa nje ya Ulaya hawakuruhusiwa, akapelekwa mkopo Leganés. Madrid wakaja kumkuta mbele akiwa na jezi ya Barcelona.

Halafu yule jamaa wa kijiweni, dogo aliyekuwa anamsema ni Gonzalo García. Msimu wa 2024-25 alikuwa anafunga na Castilla daraja la tatu, kiangazi hicho hicho Mbappé akaugua Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu, dogo akapewa nafasi, akafunga manne na kuondoka na kiatu cha mfungaji bora. Alikuwa na miaka 21. Mtoto gani huyo?