Hapana, dada, hofu yako haiukuzi uvimbe

Wiki hii nimeisikia tena, na safari hii imetoka kwa muuguzi aliyekaa kazini miaka mingi: "Usiwaze, mwanangu, ukiwaza utaukuza." Mgonjwa alikuwa na uvimbe wa maji kwenye ovari ya kulia. Ulikuwa na sentimita 4 na ukuta mwembamba, ndani maji matupu. Nilikuwa nimemwambia arudi baada ya hedhi mbili tuupime upya. Aliingia na hofu moja, akatoka na mbili: anaogopa uvimbe, na sasa anaogopa kuogopa.

Shangazi husema hivyohivyo. Mchungaji, jirani, mwenye duka la dawa, wote husema, na wote wana nia njema. Nimechoka kulijibu jambo hili mmoja mmoja mlangoni pa kliniki.

Mambo ya msingi kwanza, upesi. Ovari ya mwanamke anayepata hedhi hutengeneza vifuko vya maji kila mwezi, ndiyo kazi yake. Kifuko chenye yai hukua hadi milimita 20 na kidogo, kikapasuka, yai likatoka. Kisipopasuka kinaendelea kujaa. Au kimepasuka, kikajifunga tena, kikajaa maji au damu. Hizo ndizo sisti (uvimbe wa maji) nyingi tunazoziona kwa wasichana na kina mama wa umri wa kuzaa, na nyingi huisha zenyewe ndani ya hedhi mbili tatu. Ziko zisizoisha zenyewe: ile ya damu nzito inayotokana na endometriosisi (ugonjwa wa tishu kama utando wa ndani ya kizazi kuota nje yake), na dermoidi, ambayo ndani yake hukaa mafuta, nywele, mara nyingine meno. (Naam, meno. Hujarogwa. Ni seli za mayai zilizoanza kutengeneza ngozi mahali pasipo pake.) Kisha ziko chache za kansa, na hatari yake hupanda na umri, hasa hedhi ikishakoma. Fibroidi sizizungumzii hapa, hizo ziko kwenye kizazi.

Haya, tuje kwenye mawazo. Aina ya uvimbe huamuliwa na seli zilizouanzisha. Dermoidi ya mwanamke mtulivu na dermoidi ya mwanamke anayelia kila usiku ni dermoidi ileile. Kansa huanza na hitilafu katika vinasaba vya seli, na hitilafu hiyo haisababishwi na wiki sita za kukosa usingizi ukisubiri majibu. Kifuko cha maji hakigeuki kansa kwa sababu mwenyewe amekifikiria sana.

Kuna kona moja nisiyoweza kuapa. Msongo mkubwa unaweza kuchelewesha yai kutoka. Mnajua wenyewe: mitihani, msiba, ndoa inayoyumba, na hedhi inaruka mwezi. Yai likichelewa, kifuko nacho kinaweza kukawia. Kwa hiyo mtu akinibana kama kuna uhusiano wowote kati ya kichwa na ovari, nitasema upo, na kwenye picha ya altrasaundi sina namna ya kukuonyesha kifuko kilichokawia kwa sababu ya msiba. Lakini hiyo ni habari ya kifuko cha kawaida kuchelewa kuondoka, haina lolote na kansa. Watu huchukua ukweli huo mdogo wakaupeleka mbali kuliko unavyoweza kwenda, kisha wakamtwisha mgonjwa.

Na madhara yake nayaona. Mwanamke aliyeambiwa asiwaze huacha kuuliza, maana kuuliza ni kuwaza. Akiumwa, anameza maumivu ili asionekane ana wasiwasi. Hapo ndipo ninapokasirika kwelikweli, kwa sababu ovari yenye uvimbe inaweza kujisokota, mishipa ikabanwa, damu isipite. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa chini ya tumbo, hasa yakija na kutapika; kuzirai; homa pamoja na maumivu; au maumivu huku hedhi imechelewa na huenda una mimba: hayo hayangoji tarehe ya kliniki. Unakwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, hata kama shangazi anasema ni mawazo.

Jambo la pili linaloleta hofu ni neno "subiri". Wengi hulisikia kama "ondoka, una bahati mbaya" au "daktari anajua, ananificha". Dada, kusubiri ndiko kipimo chenyewe. Picha ya leo inanionyesha uvimbe unavyofanana. Picha ya pili inanionyesha unafanya nini: umepungua, umebaki vilevile, au umeongezeka na kuota vitu ndani. Hakuna mashine yoyote, hata ya bei gani, inayoweza kunipa jibu hilo leo. Madaktari wa uzazi wa Uingereza katika mwongozo wao wa mwaka 2011 hata hawadai picha ya kurudia kwa mwanamke anayepata hedhi mwenye uvimbe wa maji matupu chini ya sentimita 5. Sisi wengi huku hurudia, kwa kuwa mashine zinatofautiana na wapigaji wanatofautiana, na ripoti yenye mstari mmoja hainitoshi.

Tena niwaambie siri ambayo vitabu vyetu havina. Kuna picha ninazorudia ambazo uvimbe wenyewe hauzihitaji. Narudia kwa sababu najua mgonjwa hatalala bila hiyo. Na sina uhakika kwamba ninamsaidia. Ovari haiachi kazi: picha ya mwezi ujao inaweza kuonyesha kile cha zamani kimeisha na kipya cha mwezi huo kimejaa upande wa pili, na mama wa watu anaanza upya, "Daktari, umehamia kushoto!" Haukuhama. Hauna miguu.

Wapo wasioweza kusubiri wanaoamua kununua uhakika maabara. Hapa nitakaa kidogo, maana CA-125 imenitafunia saa nyingi za kazi.

CA-125 ni protini inayopimwa kwenye damu, na mpaka wa kawaida ni 35. Ikiwa juu, watu husoma "kansa". Sasa sikiliza orodha ya vitu vinavyoipandisha bila kansa yoyote: hedhi yenyewe, mimba, endometriosisi, fibroidi, maambukizi ya kizazi na mirija, ugonjwa wa ini, moyo uliochoka, na kifua kikuu cha tumboni, ambacho huku kwetu kipo. Upande wa pili, karibu nusu ya kansa za ovari zilizo katika hatua ya kwanza huwa hazijaipandisha. Yaani kwa msichana wa miaka 26, ikiwa juu haisemi ana kansa, ikiwa chini haisemi hana. Amelipa pesa nzuri apate namba ya kumnyima usingizi.

Hebu tupige hesabu, maana hesabu ya kukadiria hatari ya kansa ipo, tangu mwaka 1990. Unachukua alama za picha (0 kama haina dalili ya kutia shaka, 1 kama ina moja, 3 kama zinazidi moja), unazidisha kwa alama ya hedhi (1 kama bado unapata, 3 kama imekoma), unazidisha kwa CA-125. Ikizidi 200 tunakaza buti. Msichana wetu ana uvimbe wa maji matupu upande mmoja: picha 0. Hedhi 1. CA-125 yake 60. Sifuri mara moja mara sitini: sifuri. Hata ingekuwa 300, bado ni sifuri. Sasa mpeleke mama aliyekoma hedhi, uvimbe wake una vyumba vyumba, una sehemu ngumu, na kuna maji tumboni: picha 3, hedhi 3, CA-125 ileile 60. Inakuja 540, na huyo namtafutia daktari wa upasuaji wa kansa bila kuchelewa. Namba moja ya maabara, wanawake wawili, habari mbili zisizofanana hata chembe. Hesabu hii nayo ina mapungufu, inakosea kote kuwili, lakini inaonyesha kwa nini majibu ya maabara yaliyokaa peke yake kwenye simu yako saa nane usiku hayana la kukwambia.

Kwa hiyo mama uliyekoma hedhi, haya ya "itaisha yenyewe" usijipimie. Wewe CA-125 tunakupima na tuna sababu. Njoo, tena mapema.

Kuhusu wale wa mtandaoni wenye "ondoa uvimbe bila upasuaji", angalieni tu muda wa dozi. Miezi miwili, mitatu. Yaani muda uleule ambao kifuko cha kawaida huondoka bure. Anameza unga, uvimbe unaisha, anaandika ushuhuda. Mwenye dermoidi aliyekunywa unga uleule haandiki chochote, anakuja kwangu na uvimbe ambao haujaenda popote. Hata vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo sisi wenyewe madaktari tuliviandika miaka na miaka kwa ajili hii, vilipochunguzwa vizuri havikuonekana kuharakisha kuondoka kwa vifuko vilivyokwisha kutokea.

Na kuzaa? Ovari moja inatosha. Uvimbe wa maji peke yake haukunyimi mtoto. Wa endometriosisi unaweza kusumbua, huo tuujadili ana kwa ana.

Dawa ya saa nane usiku sina. Kukwambia "usiwaze" sitakwambia, kwa sababu una uvimbe mwilini na hujui ni nini, nani asingewaza? Ninachoweza ni kukupa maswali ya kuja nayo, maana mengi ya usiku hutokana na mtu kutoka kliniki bila kuelezwa. Uliza ukuta wake ukoje na ndani kuna nini. Uliza kama kuna maji yaliyomwagika tumboni. Kisha uliza lile ambalo wagonjwa hawathubutu: "Daktari, unadhani ni nini, na ukikosea itakuwa nini?" Daktari atakayekasirika, badilisha. Wa kumweleza nyumbani chagua mmoja, asiye na tabia ya kupeleka habari kwenye kundi la ukoo, kwa sababu ukishaingia humo utapokea visa vya marehemu wote wa mkoa mzima. Kusali au kuswali endelea. Ila hofu ikifika mahali huli, huendi kazini, watoto wanakuuliza una nini, niambie hilo nalo kama unavyoniambia maumivu. Lina tiba yake, na hutaonekana dhaifu.

Siku ya kurudi, ukiweza, hesabu ije siku chache baada ya hedhi kwisha, ndipo ovari inasomeka vizuri. Kibofu uliza mapema: kwa altrasaundi ya juu ya tumbo kinatakiwa kijae, kwa ile ya ukeni kiwe kitupu, na kama hujawahi kukutana na mwanaume sema, hiyo ya ukeni hatutaifanya. Picha ya kwanza na ripoti yake vije vyote viwili, hata kama vilipigwa kwingine. Watu huniletea ripoti na kuacha picha kabatini, nami ninachotaka kulinganisha ni picha.