Rangi kuukuu haipotei, inahama: dhana za kutoa rangi kwenye mbao za zamani

Wiki jana punda aliniletea dirisha. Lilitoka kwenye nyumba ya Mkomani, hapa Lamu, inayokarabatiwa: mbawa mbili za mbao nzito, bawaba zimeshikana kwa kutu, na mwenyewe anataka limrudie likiwa fremu ya kioo cha sebuleni. Kabla sijaligusa, nilichukua kisu nikachimba kishimo kwenye pembe, upana wa sarafu, nikakilainisha kwa msasa uliolowa mpaka matabaka yakajionyesha kama pete. Juu buluu, kisha kijani, rangi ya maziwa, kahawia, buluu nyingine iliyopauka, na chini kabisa nyeupe ngumu iliyong'ang'ania nyuzi za mti. Matabaka sita, na yote kwa pamoja hayafiki unene wa sarafu hiyo.

Kuhesabu sijamaliza, ushauri ukaanza kumiminika kutoka barazani. “Fundi, hiyo kazi ya grenda, nusu saa tu.” Mwenzake akamkata: “Grenda ya nini? Pitisha moto.” Na mama mmoja aliyekuwa akipita na kikapu chake akasimama: “Soda ya sabuni, mwanangu. Usijitese.”

Wote watatu walisema kweli kwa maana moja: rangi ingetoka. Ndiyo maana dhana hizi hazifi. Ushauri mbovu wa kazi hii unafanya kazi, na mbele ya macho yako. Asichouliza mtu ni rangi hiyo ikishatoka inakwenda wapi.

“Piga msasa tu, itatoka”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapoumia bila kujua.

Rangi za mafuta za zamani zilitiwa risasi. Ndiyo, risasi ileile ya chubwi za wavuvi. Ilitiwa ili rangi ikauke upesi, ing'ae na istahimili jua. Nyeupe za kale zilitengenezwa kwa risasi yenyewe, na manjano kali, machungwa na kijani cha kuwaka mara nyingi zilipata rangi yake kutokana na kromati ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978. Kenya nayo sasa ina kikomo, sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni za rangi, lakini dirisha lililopakwa wakati wa babu halijui habari za kikomo hicho.

Rangi ikiwa imetulia kwenye ubao haina neno sana. Ukiipiga msasa mkavu, au ukaipelekea grenda, unaigeuza unga mwepesi kuliko ngano. Unga huo unaingia mapafuni, unakaa kwenye kanzu, kwenye mkeka, kwenye mtungi wa maji. Mtoto anatambaa, anaweka mkono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na anayeumia zaidi ni mtoto mdogo, maana risasi hudhuru ubongo unaokua. Haiwashi wala hainuki, na hutaona dalili siku hiyo. Tena vipande vyake vina utamu fulani, jambo linalomfanya mtoto arudie.

Vipo vipimo vya kupaka ambavyo hubadilika rangi vikikutana na risasi, lakini si kitu utakachokikuta kila duka la vifaa vya ujenzi. Mimi nimeamua hivi: rangi yoyote ya mafuta ambayo sijui umri wake, naichukulia kuwa ina risasi, basi.

Na dawa yake ni maji. Natandika karatasi ya nailoni, nanyunyiza ubao kwa chupa ya kunyunyizia nguo za kupiga pasi mpaka unalowa, kisha nakwangua kwa skrepa iliyonolewa, nikifuata nyuzi. Rangi inatoka kama magamba ya samaki, imelowa, inaanguka palepale. Panapohitaji msasa, natumia msasa wa maji, ule mweusi, na nauchovya kila mara. Nikimaliza nafuta sakafu kwa kitambaa chenye maji. Ufagio unarudisha vumbi hewani. Nguo za kazi hazichanganywi na za nyumbani. Na sifanyii barazani wakati kusi inavuma, kwa sababu vichochoro vyetu ni vyembamba na dirisha la jirani liko hatua tatu tu.

(Neno msasa lenyewe ni jina la mti ambao majani yake hukwaruza, na mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo. Pengine walikuwa salama kutuzidi, maana jani halina injini.)

“Nimevaa barakoa”

Barakoa ya hospitali, au kilemba ulichojifunga puani, haibani usoni, na vumbi laini linapita pembeni. Inayofaa ni ile ya vumbi yenye alama ya N95 au zaidi, iliyokaa vizuri. Mwenye ndevu nyingi haimkai. Na hata hiyo ni ya vumbi tu. Mvuke wa dawa unapita kana kwamba hujavaa kitu.

Hili ni la kuzingatia hata kama rangi haina risasi. Vumbi la mvule lenyewe linawasha ngozi, na wapo mafundi linaowaletea pumu.

“Pitisha moto”

Tochi ya gesi inapendeza kutazama: rangi inavimba, inatoa mapovu, unaikwangua kama ukoko. Lakini moto wa tochi hauna kipimo. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za selsiasi, na joto likizidi sana inapanda na moshi. Sheria za ukarabati za Marekani zinakataza kabisa kuchoma rangi ya risasi kwa moto wa wazi, na hata mashine ya kupuliza hewa ya moto hairuhusiwi kuvuka takriban nyuzi 590. Ukiwa na mashine hiyo, iweke chini kabisa, ondoka mara rangi inapolainika, usisubiri moshi.

Mbali na sumu, kuna ubao wenyewe. Mbao za kale zina nyufa, na nyufa zina vumbi la miaka hamsini. Cheche ikiingia humo inalala, na inaamka wewe umekwenda kuswali Isha. Katika mji wa makuti na nyumba zilizoegemeana sitaki hata kuwaza.

“Soda ya sabuni ni kitu cha nyumbani, haina madhara”

Huyu mama wa kikapu nilimsikiliza zamani, kabla hajaniambia. Kipande changu cha kwanza cha mvule, ubao wa kabati, nilikipaka kostiki soda, ndiyo hiyo soda ya sabuni, jioni. Rangi ilitoka yote, mpaka chini. Asubuhi nikakuta ubao mweusi kama umetoka tanuri, nyuzi zimesimama kama manyoya ya paka aliyelowa. Mbao zenye tanini nyingi, ile dutu kali ya asili ya mti, hubadilika hivyo soda inapozigusa. Makosa yalikuwa yangu, hakuna aliyenilazimisha. Ubao ule sasa ni rafu ya ndani ya stoo.

Kostiki soda inaunguza ngozi na inapofua macho. Inalegeza gundi, kwa hiyo kiti cha zamani kinaweza kukutengukia mkononi. Kuichanganya kuna adabu yake: soda ndiyo inayotiwa ndani ya maji, kidogo kidogo, kamwe si maji juu ya soda, maana inachemka na kuruka. Na usitumie sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na soda huila alumini ikitoa hidrojeni, gesi inayoshika moto. Ndoo ya plastiki ngumu ndiyo chombo. Ukimaliza, suuza sana, pitisha siki iliyozimuliwa, suuza tena, acha ikauke siku kadhaa kivulini. Ukiacha soda ndani, vanishi mpya itababuka.

Kwa mbao laini nyeupe inavumilika. Kwa mvule au mbambakofi, sithubutu.

“Dawa ya dukani ikiwa haina harufu kali ni salama”

Pua si kipimo. Kwa miaka mingi dawa kali za kutoa rangi zilitegemea kemikali iitwayo dikloromethani. Harufu yake ina utamu, si ya kukukimbiza. Ukiivuta, mwili unaigeuza monoksidi ya kaboni, ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, na watu wamekufa wakiitumia bafuni na vyumba visivyo na hewa. Marekani iliizuia kuuzwa kwa watu wa kawaida kwa kazi hii mwaka 2019. Glovu za kawaida za mpira inazipita kwa dakika chache. Basi soma kopo. Kama halina maandishi, au dawa imemiminwa kwenye chupa ya kinywaji, iache dukani.

Dawa za polepole, zenye benzili alkoholi, zipo. Unazipaka nene, unafunika kwa nailoni zisikauke, unarudi kesho. Watu wanazidharau kwa sababu hazichemki. Uvivu wake ndio uzuri wake.

Tina, tarpentini na petroli hata nisiziongeze hapa. Rangi ya mafuta iliyokauka miaka imeungana na oksijeni ikawa kitu kingine. Tarpentini inaisafisha tu. Na petroli si dawa ya kitu chochote isipokuwa injini.

“Mbao za jahazi zimekomaa kwa chumvi, hazihitaji chochote”

Jahazi likichoka huvunjwa, na mbao zake zinageuka meza, vitanda, fremu za picha. Biashara hiyo ipo hapa kwetu na nzuri. Ila ubao wa jahazi si mmoja. Wa juu ya maji umepakwa rangi na sifa, yale mafuta ya samaki. Wa chini ya maji ulipakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Dawa ya rangi ikikutana na deheni inateleza, na vanishi ukiipaka juu yake haikauki sawasawa. Deheni inatoka kwa skrepa, maji ya moto na sabuni, tena na tena.

Chumvi nayo haikomazi kitu kwa maana wanayoidhani watu. Inavuta unyevu. Ubao uliokaa baharini ukiuweka ukutani bila kuusuuza, msimu wa mvua unatoa jasho na vanishi inapata utusitusi. Loweka kwenye maji matamu, badilisha maji, kausha kivulini kwa subira.

Halafu misumari. Ya zamani imezama, kichwa kimeliwa na kutu, huioni. Nimevunja meno ya msumeno kwa msumari niliodhani ni fundo la mti. Pitisha sumaku kwanza. Yale madoa meusi yanayozunguka tundu la msumari ni chuma kilichokutana na tanini, si uozo, na hayatoki kwa msasa hata ukwangue mpaka upande wa pili. Asidi ya oksaliki huyafifisha, nayo ni sumu ukiimeza. Mimi nayaacha, wateja wanayapenda.

“Rangi yote lazima itoke”

Kwa nini? Fremu za mbao za jahazi zinauzwa kwa sababu ya ule mchanganyiko wa buluu na nyekundu iliyobabuka. Ukisafisha mpaka mti mtupu, umebaki na ubao kama wa dukani wenye matundu. Ninakwangua kilicholegea tu, kikiwa kimelowa, kilichoshika nakiacha, kisha nafunga kwa vanishi isiyo na rangi mara mbili au tatu. Kwa kioo cha ukutani hilo linatosha. Kwa kitanda cha mtoto au meza ya chakula, hapana. Huko itoke yote au tafuta ubao mwingine.

Na kuna mbao ambazo hazistahili kuguswa kabisa. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 inalinda milango na fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Mji wa kale wa Lamu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na milango ni sehemu ya sababu. Ukiletewa mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, wenye nakshi ya zamani, usianze na skrepa, anza na watu wa makumbusho. Nakshi husawazika kwa msasa haraka kuliko unavyodhani. Kingo kali zilizoachwa na patasi ya fundi ndizo zinazoondoka kwanza.

“Vilivyobaki ni kuni”

Hili naliona kila mahali na linaniuma kuliko yote. Vipande vya mbao vyenye rangi vinakusanywa vizuri, vinapelekwa jikoni. Risasi nyingine inapanda na moshi juu ya chungu, na inayosalia inakaa kwenye majivu. Kisha majivu yanachukuliwa kusugulia sufuria.

Mafuta ya kumalizia nayo yana moto wake. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani ukiyafinyanga na kuyatupa pembeni yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka. Yatandaze juani au yazamishe kwenye maji. Mafuta ya nazi hayafanyi hivyo, lakini pia hayakauki; rafu iliyopakwa mafuta ya nazi itanata vumbi na kuanza kunuka.

Dirisha la Mkomani limechukua siku nne. Nimeliacha buluu ile ya chini iliyopauka, upande mmoja tu, mahali jua la asubuhi lilipokuwa halifiki. Magamba yake yapo kwenye kopo la rangi lenye kifuniko, limeandikwa SUMU kwa kalamu nene. Halitupwi baharini wala shambani. Liko darini pamoja na wenzake wawili, mbali na watoto, na mke wangu ananiuliza kila Ijumaa yataondoka lini.