Fundi wa tarumbeta hamalizi shule

Huku Moshi kwenye bendi za tarumbeta za KKKT (kanisa la Kilutheri) utasikia eti fundi akishajua kulehemu basi kamaliza. Si kweli jamani. Pistoni (kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kasha lake ukibonyeza) ikikwama mtu anaipiga msasa, siku hiyo inateleza vizuri ila keshakula chuma, nafasi imeongezeka, hewa inavuja na noti za juu zinagoma, na kuirudisha ilivyokuwa ni kazi kweli (mara nyingi ulikuwa uchafu tu, maji ya uvuguvugu na sabuni vingetosha!). Pedi za saksafoni (zile zinazoziba matundu) nazo siku hizi zipo za ngozi na za sintetiki, kila moja inakaa kivyake. Marekani mafundi hawa wana chama chao, NAPBIRT, tangu 1976, na hata wazoefu wanarudi kupigwa msasa wenyewe.