Elektrodi ya pH haihifadhiwi kwenye maji yaliyotoneshwa

Kwenye magrupu ya wanafunzi na mafundi sanifu wa maabara, Kigoma na kwingineko, kuna ujumbe unaorudi kila muhula: "Ukimaliza kupima, acha elektrodi kwenye maji yaliyotoneshwa, ni safi kuliko yote." Si kweli, na elektrodi, yaani kijiti cha mita kinachotumbukizwa kwenye sampuli kupima pH (kiwango cha asidi au besi), si kitu cha bei rahisi.

Ndani yake kuna myeyusho wa kloridi ya potasiamu. Ukiiloweka kwenye maji yasiyo na chumvi, ioni huvuja kidogo kidogo kupitia kitundu cha kiungio, pale myeyusho wa ndani unapokutana na sampuli, na kipimo kinaanza kuyumba. Unapima maji ya Ziwa Tanganyika, ambayo huwa karibu na pH 9, namba inacheza tu, haitulii.

Mkanganyiko nauelewa: tunasuuza elektrodi kwa maji hayohayo kati ya sampuli na sampuli. Kusuuza ni sekunde chache. Kuhifadhi ni usiku kucha. Ihifadhi kwenye kloridi ya potasiamu ya moli 3 kwa lita, yaani gramu 22.4 zilizoyeyushwa hadi kufikia mililita 100. Ikikosekana, bafa ya pH 4 (myeyusho ambao pH yake inajulikana na haibadiliki kirahisi) itakusitiri kwa muda.

Jipimie mwenyewe. Weka mita kwenye milivolti, soma bafa ya 7, kisha ya 4. Kwenye nyuzi 25, tofauti iwe karibu milivolti 177. Ikipungua sana, loweka elektrodi kwenye myeyusho uleule wa kloridi usiku mzima, upime tena.

Ujumbe ule ukikufikia, usiusambaze.